Filamu Iliyonijibia Posa

Nyumba za Walimu,
Shule ya Wasichana,
Kibirichia, Meru.
Jumapili, 20 Oktoba 1996.

Mpendwa Shangazi Karimi,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi. Nimeandika Shangazi kwa ajili ya kalamu tu. Mdomoni ungali Tata wangu, kama nilivyokuita tangu nilipoanza kusema. Je, hujambo? Goti lako limepoa, au bado linakushurutisha kushuka ngazi za kanisa kwa ubavu? Na mzee wako, kifua kinamruhusu kulala? Nasikia joto la Taveta mwaka huu limekuwa la kuchemsha maziwa bila moto. Natamani mngetupunguzia kidogo.

Sisi tu wazima. Mvua ya vuli imewahi na kila mtu Kibirichia yuko shambani akipanda viazi. Asubuhi ukungu hushuka mpaka wasichana hupanga mstari bila kuiona bendera. Kule nyumbani Mitunguu, mfereji wa maji uliokuwa umebomoka umetengenezwa, na migomba ya Baba imepata nguvu tena. Mama anaendelea vyema, ila macho. Anataka miwani lakini hataki kuonekana akiivaa.

Hizo ndizo salamu na zote ni za kweli. Sasa nakueleza lililonikalisha chini leo baada ya ibada, nami nakuomba usicheke. Wote niliowaeleza wamecheka.

Humjui Kaberia, kwa hivyo nianze naye. Ni mfanyabiashara wa viazi hapa Kibirichia. Ana lori, ana ghala karibu na soko, na ndiye anayeletea shule yetu chakula. Ni Mmethodisti, hanywi pombe, na akikutana na mtu mzima hushuka garini kumsalimu. Wakati wa Pasaka aliniuliza kama ningekubali kuolewa naye. Nikamwambia sikubali. Mwezi wa saba akaniuliza tena, nikamwambia tena, kwa adabu, kwamba sikubali na sitaki aendelee kungoja. Nilisema kwa Kimeru na nikarudia kwa Kiswahili, kwa sababu nilitaka neno langu liwe na miguu miwili ya kusimamia.

Sasa filamu. Kidato cha tatu tunasoma riwaya moja ya Kiingereza iliyoandikwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Inamhusu Tabitha, mwalimu wa shule ndogo kando ya mto, na bwana mmoja mwenye kinu cha kusaga ngano anayetaka kumwoa. Bwana huyo si mbaya. Ana mali, ana heshima, na kijiji kizima kinaona kwamba Tabitha amepata bahati. Yeye anamkataa. Bwana anarudi, anakataliwa tena. Mara ya mwisho anavua kofia, anamwambia kwamba amemsikia, kisha anavuka daraja kwa mguu na kwenda zake. Kitabu kinaishia Tabitha akifungua madirisha ya darasa lake asubuhi. Nilipokisoma mara ya kwanza chuo kikuu, nilibaki kitandani nimekikumbatia kifuani, nikiona kwamba kuna mtu aliyekufa zamani sana ambaye alinijua.

Angeline, mwalimu wa hesabu ninayekaa naye nyumba moja, ana kaka aliyerudi kutoka Amerika na kaseti za video. Mojawapo ilikuwa ya hadithi hiyo hiyo. Kwenye jalada waliandika kwamba wamekichukua kitabu cha zamani na kukivalisha nguo za siku hizi, kikawa kichekesho cha mapenzi. Sikuwa na mahali pa kuitazama kwanza. Niliamini tu. Nilifikiri kwamba wasichana wangu wanaosinzia nikiwasomea ule Kiingereza kirefu watamwona Tabitha akitembea na kusema, nao watamwelewa.

Mwalimu mkuu alikubali tuionyeshe siku ya wazazi, alasiri, baada ya hotuba na chakula. Televisheni tulikuwa nayo, deki ya video tuliiazima kanisani, na jenereta ya shule ilikuwa nzima ila haikuwa na petroli. Kaberia alikuwa ameleta viazi asubuhi hiyo. Aliposikia shida yetu akaenda akarudi na jerikeni ya petroli, bila kuombwa na mtu. Mimi nilikuwa jikoni nikihesabu sahani na sikujua. Lakini watu mia tatu walimwona akiimimina.

Basi tukakaa bwaloni, wazazi kwenye benchi, wasichana sakafuni, tukatazama.

Shangazi, walimchukua Tabitha wakampa kazi ya gazeti katika mji wa maghorofa. Mwenye kinu wakamfanya mwenye kiwanda cha biskuti. Anamtumia maua mpaka ofisi yake inafanana na madhabahu siku ya Pasaka. Anakodi wapiga tarumbeta wasimame chini ya dirisha lake. Anapokataliwa, anainunua nyumba ambayo Tabitha amepanga, ili amlipe yeye kodi, na hapo bwalo zima likapiga makofi. Kila Tabitha akisema hataki, kuna kitu kinaanguka: rafu ya vitabu, sahani, yeye mwenyewe. Kukataa kwake ndiko kichekesho chenyewe. Hatimaye anakimbia barabarani na kiatu kimoja, anaingia kiwandani, anateleza kwenye unga na kumwangukia yule bwana kifuani.

Mwisho kabisa hatukuuona. Bwana Salesio, naibu wa mwalimu mkuu, alivua koti akalitandaza mbele ya televisheni midomo ilipokaribiana, akalishikilia hapo mpaka muziki ukaisha. Hadi leo kuna wasichana wa kidato cha kwanza wanaobishana bwenini kama alimbusu au alimpiga kofi. Mimi sijawasahihisha.

Na nikuambie ukweli: nilicheka. Yule bwana alipotumbukia ndani ya pipa la kukandia unga na kubaki miguu juu, nilicheka mpaka nikafuta machozi. Ningekuwa na hasira moja tu, ningejua pa kuiweka. Hii ya kuwa nimechekeshwa na kitu kilichonidhulumu inanizunguka usiku na mchana.

Filamu ilipoisha nilisimama mbele kama ninavyosimama darasani, nikawauliza watazamaji wanaonaje. Nilitegemea mabishano. Nilitegemea mtu mmoja tu aseme kwamba kitabu kimeibiwa.

Bwana Salesio alianza kabla sijafunga mdomo, koti bado mkononi. "Mimi nampongeza huyo bwana," akasema. "Mwanamke akisema hapana, hiyo ni salamu. Unaitikia, unaendelea na safari."

Wanaume wakagongana mabega. Mama mmoja mwenye kitambaa cha kanisa akauliza mbona huyu msichana hana mama. "Tangu mwanzo hatujamwona mama yake. Nani atamwambia akubali?"

"Mama yuko kijijini," jirani yake akamjibu. "Hawakumtumia nauli."

Mzee mmoja alikuwa amekasirika kabisa, nikapata matumaini. Akasimama na fimbo yake. "Amenunua maua. Amenunua nyumba. Amenunua watu wa tarumbeta," akasema. "Kwa baba wa msichana ameenda lini?" Akaketi. Hilo ndilo lililomkasirisha.

Mpishi wa shule akasema kutoka dirisha la jikoni kwamba unga ule uliomwagwa ungetulisha muhula mzima. Kisha Kathure, msichana wangu mwerevu kuliko wote wa kidato cha tatu, akainua mkono.

"Madam, kwenye mtihani tuandike mwisho upi?"

"Wa kitabu," nikasema.

"Hata kama huu wa filamu ndio mzuri?"

"Mzuri kwa nani, Kathure?"

Akafikiri. "Kwa watu," akasema.

Nikawauliza swali moja la mwisho. Je, kuna yeyote humu aliyemwamini Tabitha aliposema hataki? Jenereta ikaendelea kunguruma nje. Ndipo Bwana Salesio akasema polepole, kama mtu anayefungua zawadi, "Madam Nkirote, na ni wewe unayetuuliza hivyo?" Akatazama nyuma. Kila mtu akageuka. Kaberia alikuwa ameegemea mlango na jerikeni tupu miguuni pake, akitabasamu akiangalia chini. Wasichana wakapiga vigelegele.

Jioni nilimwambia Angeline kwamba nimetukanwa mbele ya wazazi. Alikuwa akiosha miguu. "Nani amekutukana?" akasema. "Watu wamekula, wamecheka, wameenda nyumbani. Ni filamu tu, Nkirote. Wewe unataka filamu ifanye nini, ihubiri?"

"Nataka waliobadilisha mwisho waulizwe sababu."

"Wako Amerika. Kapande ndege."

Nikalala. Na siku zilizofuata nilipata faraja moja ambayo sasa najionea haya nikiikumbuka. Kaberia aliacha kuja. Viazi vililetwa na dereva. Nikikutana na lori lake barabarani, alitazama mbele. Nikajiambia kwamba amekwenda akafikiri, kwamba labda alimwomba mmoja wa wanafunzi amsimulie kitabu, na kwamba amevua kofia na kuvuka daraja. Nilimheshimu. Nilianza hata kumwombea jioni, apate mke mwema. Fikiria ujinga wangu: nimezaliwa Meru na kulelewa Meru, lakini nilisahau kwamba mwanamume huacha kuonekana na msichana pale anapokuwa amewatuma wazee kwao.

Nilijua siku ya mapumziko ya katikati ya muhula, niliposhuka Mitunguu. Baba alikuwa amekaa nje akinoa panga. Akanitazama kwa furaha kubwa.

"Karibu, mwalimu wa sinema."

Ndani, pembeni mwa kabati, palikuwa na ndoo kubwa iliyofunikwa kwa jani la mgomba na kufungwa kamba. Nikamwuliza ni nini.

"Asali."

"Asali ya nani?"

"Ya Tharaka, nafikiri. Ni nyepesi kidogo."

"Baba."

Akaweka panga chini. Akaniambia wazee wa Kaberia walikuja Jumamosi, watu wa maana, wakaweka asali ya posa, wakanywa chai, wakaeleza. Hawakuficha kwamba nilimkataa kijana wao, na kumkataa tena. Kisha wakasimulia filamu yote, kuanzia maua mpaka kiatu kimoja. Baba hajaiona, lakini alinisimulia mimi vizuri kuliko nilivyokusimulia wewe. Alijua hata idadi ya tarumbeta.

"Nilimkataa, Baba. Hiyo filamu ilikuwa ya wanafunzi."

"Wanafunzi, ndiyo. Na petroli ikatoka kwa nani?" Akacheka, lakini si kwa dhihaka, na hiyo ndiyo inayoniumiza. Alikuwa akijivuna. "Msichana aliyelelewa vizuri hawezi kumwambia mwanamume ndiyo. Nani asiyejua? Wenzako walikuwa wakimtuma rafiki, au wakiacha mlango wazi. Wewe una digrii, umetuma video. Wale wazee walisema hawajawahi kumwona msichana mwenye akili kama hiyo."

Unaona walipofika, Shangazi? Watu wa Kaberia waliketi wakatafuta maana ya mambo, kama watu werevu. Nilimkataa, kisha nikamwita (wanasema nilimwita) aje kutazama hadithi ya mwanamke anayekataa na kukataa na mwishoni anakimbia na kiatu kimoja kumfuata aliyemkataa. Nilikubali petroli yake iiwashe hadithi hiyo. Nilicheka, naye aliniona nikicheka. Nikasimama mbele ya watu nikauliza kama kuna aliyeamini kwamba mwanamke yule hakutaka. Ukiyapanga hivyo, hata mimi nashindwa kuyapangua. Kwa kila anayejua jinsi wasichana wetu wanavyotakiwa kukataa kwanza, wajifiche, walie, nilikuwa nimesema ndiyo kwa sauti kubwa kuliko msichana yeyote wa ukoo huu.

Nilimsimulia Baba mwisho wa kitabu. Nilimweleza yote, kofia, daraja, madirisha. Alisikiliza kwa makini, unamjua akisikiliza, kichwa upande mmoja.

"Na huyo bwana wa kinu," akauliza, "alipovuka daraja alimwoa nani?"

"Kitabu hakisemi."

"Na mwalimu?"

"Hakisemi, Baba. Kimeishia hapo."

"Basi hakijaisha," akasema, akachukua panga lake. "Hao wa sinema wamekimalizia."

Mama alikuwa jikoni akimenya ndizi. Nilikaa karibu naye nikachukua kisu. Akaniambia nisiogope, kwamba hata yeye alimkataa Baba. "Nililia mpaka wakanibeba juujuu," akasema, "na viatu vikabaki kwa mama."

"Lakini ulikuwa ukimtaka?"

Aliendelea kumenya ile ndizi. Ilikuwa imeshakwisha maganda, naye akaendelea kupitisha kisu juu yake mpaka ikawa nyembamba kama kidole. Kisha akaitia chunguni na kuniomba chumvi. Sikumwuliza tena, na sijui kama nitamwuliza. Tangu siku hiyo kila nikifunga macho naiona ile ndizi.

Niliporudi huku nilimtafuta Kaberia mwenyewe. Nilimkuta sokoni, akisimamia magunia yakipakiwa. Aliponiona akasogea nyuma ya lori, akawa anaongea akitazama gurudumu.

"Mwalimu, si vizuri tuonekane sasa."

"Nimekuja kukuambia sitaki."

"Najua," akasema kwa upole. "Hata Tabitha alisema hivyo."

Wapakiaji wakacheka juu ya magunia. Mmoja akamwambia mwenzake aniangalie viatu kama viko viwili.

"Kaberia, nikatae vipi ndipo usikie?"

Hapo aliniangalia. Nafikiri kwa dakika moja alisikia, au alikaribia. Akakunja uso. "Si uwaambie wazazi wako."

"Nimewaambia."

"Wakasemaje?"

"Wakacheka."

"Basi," akasema, na uso wake ukatulia tena, kama maji yaliyotupiwa jiwe dogo. "Kama wazazi wako wanacheka, mimi ni nani wa kulia?"

Nimemwandika jinsi alivyo, Shangazi. Sitaki umfikirie vibaya. Usiku mwingine nikiwa nimelala macho wazi najiuliza kama nimemkataa yeye au nimekataa kukimbizwa. Angesema tu, wakati wa Pasaka au mwezi wa saba, kwamba amenisikia, akanyamaza kweli, huenda leo ningekuwa nikimtafuta mimi sokoni kwa sababu nyingine. Sijui. Ndilo linaloniudhi kuliko yote: sijui, na hakuna anayenipa nafasi ya kujua. Kila ninachofanya kimeshaandikiwa mahali pake. Nikilia, ni msichana mwenye adabu. Nikinyamaza, nimekubali. Nikikasirika, ninapendeza, na mwisho umekaribia. Bwana Salesio huniuliza kila asubuhi kwenye chumba cha walimu kama nimekaribia kiwanda cha biskuti. Kathure na wenzake wameniandikia kadi. Hata Angeline, ambaye ananijua, aliniambia juzi kwamba labda ninakataa kwa nguvu kwa sababu ninampenda kwa nguvu. Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua, kisha nikakumbuka kwamba hata hilo liko kwenye filamu, nikarudi ndani.

Sasa ninakuja kwenye ombi langu.

Muriuki, kaka yangu, anarudi kazini Voi kesho, naye ameahidi kukufikishia barua hii mwenyewe. Pamoja nayo atakuletea mkebe wa asali. Mkebe hautoki kwangu. Umetoka kwenye ile ndoo, na Baba ndiye aliyekutengea. Umekaa mbali miaka mingi lakini najua hujasahau utaratibu wa ukoo wetu: dada mkubwa wa baba ndiye wa kwanza kuonja. Ukionja, Baba atapelekewa habari, wazee wa pande zote wataitwa mwezi wa kumi na mbili, na ndoo itafunguliwa. Usipoonja, hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kutia kidole. Baba hajaigusa. Kila mara anapita karibu na kabati akiimeza kwa macho, na bado hajaigusa, kwa sababu wewe ndiwe uliyembeba mgongoni na hathubutu.

Naomba usiufungue. Mrudishe Muriuki nao.

Sikuombi uje Mitunguu kugombana na mdogo wako, wala umwandikie. Ukiandika atasoma, atasema dada amezeeka anapenda mzaha, na mtacheka wote wawili. Maneno yangu yamekwisha kazi. Nimekataa kwa Kimeru, kwa Kiswahili, na siku ile bwaloni karibu nikatae kwa Kiingereza. Lakini mkebe uliorudi kutoka kwa dada yake mkubwa si maneno. Hakuna filamu inayojua mkebe huo una maana gani, na hakuna mzee wa upande wowote atakayesema kwamba uliurudisha kwa haya.

Muriuki ameagizwa akae mpaka akuone ukilamba kijiko. Atakukazia macho, mvumilie. Mpe chai na chapati zako, atalainika. Nimemweleza yote, naye hakucheka sana.

Sikufichi kwamba kuna uwezekano mwingine. Ukisoma barua hii hadi hapa na uone kwamba mimi ndiye niliyepotoka, kwamba Kaberia ni mtu mwema na ninajisumbua kwa ajili ya mwanamke wa kitabuni, basi fungua ule. Wewe ni mkubwa wangu na haki hiyo ni yako. Lakini ule kwa sababu hiyo, Shangazi. Usile kwa kudhani kwamba nitabadilika mwishoni. Nakusihi uwe mtu mmoja katika nchi hii aliyekula au kuacha kula kwa sababu ya kile nilichosema.

Nisalimie mzee wako kwa heshima nyingi, na umwambie ajifunike kifua hata kwenye joto. Msalimie binti yako Karwirwa na watoto wake, hasa yule mdogo aliyekataa kunipa mkono mwaka juzi, mwambie nilimwelewa. Baba na Mama wanakusalimu, Mama akisema bado anavaa ile leso uliyompa. Angeline naye anakusalimu ingawa hamjuani.

Mungu awalinde katika nyumba yenu, alipoze goti lako, na akupe usingizi wa mtu asiyedaiwa jibu.

Ni mimi, binti wa mdogo wako, nikupendaye bila kungoja jibu lako liwe lipi,

Nkirote Bundi.

Nyongeza: Kamba ya mkebe aliifunga Baba mwenyewe, kwa lile fundo lake la kufungia mikungu ya ndizi. Hata ukiifungua na kuifunga tena vizuri namna gani, ataijua. Kwa hivyo ukitaka kuurudisha, usiiguse kabisa.